Sukari ya Darasa la Tatu

Jumanne, usiku

Chai yangu haina sukari, na hasira yangu kwa mwalimu mkuu bado haijanitoka.

Leo darasa la tatu tulisoma habari fupi ya ufahamu, "Duka Letu la Ushirika". Swali la kwanza: taja vitu vitatu vinavyopatikana dukani. Habari inasema sukari, unga na sabuni. Tausi, yule binti wa Mtaa wa Swahili, kaandika: mawe, vikapu na makopo. Ndivyo vitu watu wanavyopanga pale mlangoni pa duka la mtaani vishike foleni, wenyewe wakirudi kupika.

Nilitaka kumpa vema. Mwalimu mkuu akachungulia daftari.

"Jibu liko kwenye habari, mwalimu. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Atukute hivi?"

Nikaweka alama ya kosa. Tausi akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo mwalimu, sukari ipo?"

"Soma tena habari."

Akasoma kwa sauti, bila kukwama hata mara moja. "Ipo," akasema.

"Vizuri sana," nikamwambia. Mimi huyu.

Jioni nikapita dukani. Mlango umefungwa, kama jana na juzi. Mama Tausi kasimama pale, mtoto mgongoni anakohoa, miguuni kwake jiwe.

"Mwalimu, nimeacha kila kitu nikaja mbio. Tausi kaniambia mmesoma shuleni, sukari ipo."

Nikaokota jiwe, nikaliweka nyuma ya lake.