Dharura ya Mzee Yohana na Ndoa ya Zuhura

Nkuhungu, Dodoma

Kwako Mama yangu mzazi,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba waraka huu utakukuta mguu umepata nafuu na mbuzi wote wamerejea zizini salama. Mimi kiafya sina la kulalamikia. Upepo wa hapa haujaushinda ule wa kwetu milimani Kondoa. Kinachonisumbua ni kichwa, ambacho kwa wiki nzima kimeshindwa kuelewa jambo moja.

Juzi uliniuliza kwa simu, "Rajabu, unakuja kumuozesha dada yako au huji? Sema moja." Nikajibu kwamba mfumo haujaniruhusu. Ukauliza, "Mfumo ndiye nani, mkubwa wako?" Simu ikakatika. Naomba basi nijieleze kwa utaratibu.

Katika jengo la ofisi ninakofanyia ufundi, siku hizi hatuagizwi kazi kwa mdomo. Anayeharibikiwa na kitu humwambia fundi, na fundi hukiingiza kwenye programu iliyomo katika simu ya kazi. Hiyo huitwa oda ya kazi. Nikishaiingiza, mimi huchagua daraja lake, Kawaida au Dharura, kisha mfumo wenyewe hukokotoa muda wa mwisho wa kuikamilisha. Muda ukipita, oda hugeuka nyekundu, na fundi mwenye oda nyekundu hapewi likizo. Ombi langu la kuja kusimama kama walii wa kumuozesha dada Zuhura, kwa kuwa marehemu Baba hayupo, nililiandika kwa lugha iliyonyooka. Likarudishwa na maneno matatu: "Una oda zilizochelewa."

Nilistaajabu, Mama. Jumatatu, geti likiwa ndiyo kwanza limefunguliwa, nilikuta kazi iliyoripotiwa Ijumaa jioni imekwisha kuwa nyekundu. Taa ya ukumbini, iliyoripotiwa jioni ile ile, ilikuwa bado na muda wa kutosha. Siku moja, fundi mmoja, hesabu mbili. Nikamwandikia msimamizi barua ya malalamiko nikiomba kujulishwa ni kwa kanuni gani. Aliisoma yote, akanirudishia. "Fundi, Kiswahili chako kizuri mno kwangu. Mpelekee Neema."

Dada Neema ndiye anayeuangalia mfumo huo. Alifungua oda zangu, akakunja uso.

"Kaka Rajabu, hizi Dharura umezichagua wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kitasa cha mkurugenzi ni dharura?"

"Ni mkurugenzi."

"Na pazia la mama wa uhasibu?"

"Yule ni mtu mzima, ana wajukuu."

"Haya, na choo cha Mzee Yohana?"

"Mzee Yohana anakaribia kustaafu. Nimwandikie Kawaida, kama kijana wa mapokezi?"

Alicheka hadi akaweka chai yake chini. "Jamani, kaka, unajichongea! Dharura ni maji yanayofurika, ni waya unaotoa cheche. Kawaida inahesabiwa saa za kazi tu, ofisi ikifungwa na yenyewe inasimama. Dharura haisimami. Usiku inahesabu, Jumapili inahesabu, ukiwa msikitini inahesabu!"

Mama, ulinilea nilipokee neno la mkubwa kwa mikono miwili na kulitanguliza mbele ya langu. Sikujua kwamba kwa kufanya hivyo nilikuwa najipunguzia muda.

Kazi nyingine nilikuwa nimezimaliza. Iliyobaki nyekundu ni ya Mzee Yohana, kwa sababu tangi la kuflashi choo chake linahitaji boya jipya, na boya hilo linatoka Dar es Salaam. Neema akanielekeza, "Ishushe iwe Kawaida. Mfumo utahesabu upya, ruhusa itapita." Kidole kikagoma. Nitalishushaje jambo la mtu mzima bila yeye kujua? Nikaenda masijala, anakotunza majalada.

"Mbukwenyi, fundi," alinisalimu kwa Kigogo chake. Nikamwamkia, nikamweleza kwa kirefu sababu ya kufika mbele yake. Alivua miwani.

"Yaani umekuja kuniomba ruhusa ya kukiita choo changu cha kawaida?"

"Ndiyo, mzee. Kwa heshima zote."

"Choo hicho kinavuja tangu sijaota mvi! Shusha! Na kama kuna daraja chini ya hapo, shusha mpaka huko. Dada yako anasubiri walii, wewe unasubiri boya?"

Nikashusha palepale, mbele ya macho yake. Wekundu ukatoweka. Choo ni kile kile, maji yanachuruzika vile vile, boya liko njiani bado. Lakini asubuhi nilikuwa nimechelewa, na sasa nina muda. Nilimuuliza Neema ni hesabu ipi kati ya hizo mbili iliyo ya kweli. Akajibu, "Zote, kaka. Nenda nyumbani." Sijaelewa, Mama, na si vyema nikudanganye kwamba nimeelewa. Ila ruhusa imepita, na jibu langu ni moja: nakuja.

Mwambie Zuhura kwamba nikifika nitamuuliza mimi mwenyewe kama ameridhia, kabla sijatamka lolote mbele ya watu. Msalimie Shangazi, ambaye najua ameshaanza kugombana na wapishi. Nisalimie pia mwalimu wa madrasa atakayekusomea barua hii. Nashukuru kwa sauti yake.

Baba Mdogo, aliyejiandaa kusimama mahali pangu, mfikishie shukrani zangu na umjulishe kwamba nimempumzisha. Lakini kanzu yake iliyopigwa pasi asiikunje bado. Mfumo ukihesabu tena kabla sijapanda basi, sijui utasema nini.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Rajabu