Nati za Gurudumu, Kerege

Jumatano, 1969

Nati moja tu ndiyo iliyofunguka. Zilizobaki zilikuwa zimelika pembe, spana ikawa inateleza nami nikilazimisha mpaka viganja vikachubuka.

Tairi la gari letu lilipasuka njiani, Kerege, tukiwahi maziko Dar. Mama alitaka kumwona dada yake kabla hajazikwa. "Jaribu tena, mwanangu," aliniambia kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

Nyundo, mafuta ya taa, dua... hazikusaidia kitu.

Lori lililokuwa likipita lilipotuchukua, alasiri ilikwisha adhiniwa. Tulifika wanaume wakirudi kutoka makaburini.

Mama hakunilaumu. Aliketi kitandani kwa marehemu, akaupakata mto wake, akawa anaupapasa. Nilisimama mlangoni na mikono yangu ya grisi, sikujua niiweke wapi.