Karatasi ya Jina la Mama

Albert Park, Durban
Julai 2012

Kwako kaka Omwenga,

Hapa ni baridi tu. Lifti imekufa tena, nami nikifika ghorofa ya tisa sina nguvu hata ya kusalimia jirani. Eish, ndivyo wanavyosema huku.

Tasnifu inajikokota. Bado niko na yule Mjerumani wangu, Askamp, mkutubi aliyetumia maisha yake kusoma maandishi ya makaburi ya Warumi wa kale. Miguu yake ilikuwa mibovu, hakusafiri. Marafiki zake walilowesha karatasi nzito, wakaibandika kwenye jiwe na kuigonga kwa brashi mpaka ikaingia ndani ya kila herufi. Ikishakauka walimtumia, naye akafumba macho, akasoma kwa vidole. Msimamizi wangu anauliza mbona sura inayomhusu haiishi.

Mwambie shangazi aache kunisema. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa hakijatoka. Ningekuja kumzika Mama, nisingeruhusiwa kurudi. Wewe unajua. Yeye pia anajua.

Picha ya kaburi niliipata. Imetoka vizuri, ila ni laini kila mahali, kaka. Nikipitisha kidole sipati kitu. Nakuomba utafute karatasi nzito, uiloweshe, uigonge juu ya jina lake pale kwenye jiwe la kaburi kwa brashi ya viatu iliyo safi. Iache jua liikaushe bila haraka.

Kisha iviringishe, unitumie. Usiikunje, Mama asije akavunjika.

Mdogo wako,
Joyline