Kidole Gumba Juu

Jumanne jioni.

Mkono wa Nekesa hauumi tena! Naandika nikitabasamu peke yangu.

Wiki nzima binti yangu amekuwa akiumia kifundo cha mkono kila akirusha ngumi ya kuzungusha. Leo kocha alimwambia waziwazi kule ukumbi wa ndondi wa Sarang'ombe, "Ukiumia tena, Jumamosi hupigani."

Nikaona akipiga anageuza kiganja kikiangalia chini. Marehemu mamake, aliyekuwa bondia, hakuwa akirusha hivyo. Alikuwa akifanyia mazoezi hapa nyumbani Gatina akiwa na kikombe mkononi, anazungusha mkono na chai haimwagiki.

"Simamisha ngumi," nikamwambia. "Kidole gumba juu, kama umeshika kikombe."

Kocha akacheka. "Fundi, rudi kwa cherehani!" Iliniudhi, ingawa ni kweli sijawahi kuvaa glavu.

Nekesa akapiga. Pedi mkononi mwa kocha ikalia pa! Akapiga tena na tena, kisha akaanza kucheka. "Baba, haiumi!"

"Nani alikufunza hiyo?" kocha akaniuliza.

"Bibi yangu, mamake Nekesa."

Basi Jumamosi atapigana. Naogopa, lakini sitamwambia. Tukirudi nyumbani aliuliza mamake alipigaje zile ngumi nyingine, nami nikamwonyesha zote, katikati ya barabara, watu wakinishangilia.