Mama Mashavu, Uliyekaa Dukani na Valary

Mwaka umetimia, mama, tangu ututoke hapa Jeddah, na baba hajaacha kulalamika kuwa chai yetu haina iliki.

Ulikuwa mkalimani wa forodha bandarini, na mdomo ulikuwa nao, wallahi. Mgeni wetu hakusafiri na kifurushi cha watu mpaka ukifungue. Hata halua ya shangazi uliipasua. Watu wakanuna: "Mashavu hana haya, anatushuku ndugu zake!" Ukawajibu, "Nuneni. Bora mnune mkiwa huru."

Kisha akakamatwa Valary, binti wa Kikenya aliyefanya kazi za ndani Riyadh. Mkenya mwenzake mmoja, ambaye ikama yake, kibali cha kuishi huku, ilikwisha, alimwomba amwazime jina tu, apokee masanduku ya majani ya chai kutoka nyumbani. Nani atamkatalia mtu wa kwao? Ndani vikakutwa vidonge vya kulevya. Wanajeshi walioshirikiana na forodha walisema fedha za vidonge hivyo huwanunulia waasi bunduki. Huku kosa hilo ni kukatwa shingo.

Masanduku yalikuwa yamenaswa bandarini kwenu, kwa hiyo aliletwa mbele yako umtafsirie, analia: "Mum, haki sikujua! Na nikimtaja, wenzake wataniua."

Ulipomtetea, afisa akakukumbusha kuwa kazi yako ni kutafsiri tu. Ukamwambia, "Kutafsiri nimemaliza. Sasa nasema mimi. Mwacheni awaonyeshe mwenye mzigo, nami nitakaa naye." Toba! Baba alikasirika, akakuuliza kama watoto wako umewachoka. Ukamjibu kuwa yule naye ni mtoto wa mtu.

Ukaenda. Mlikaa na masanduku yale katika duka moja la Al-Dirah, kule Riyadh, ambako Valary alimwambia mwenye mzigo aje kuuchukua. Wanajeshi wamevaa kiraia, watu wa forodha wanajifanya wateja, nawe unavutana na muuzaji bei ya udi. Mkono wa Valary uliushika chini ya buibui lako. Mwenye mzigo akaingia mwenyewe, akanaswa, na baadaye wakubwa zake. Valary akaachiwa.

Hukujisifu hata kidogo. Ulirudi ukauliza nani kamaliza samaki. Tulikuwa tukiwaogopa watu wale wa vidonge, kumbe ni sukari ndiyo iliyokuja kukuchukua. Tumekukosa sana, mama.

Juzi Valary alipiga simu kutoka Kakamega. Aliomba tumtaje mwisho kabisa, pamoja na majirani. Tukamwambia halas, tumesikia.

Wanaokukumbuka: mumeo Marwan; wanao Hana, Jabir na Valary; na majirani zako wote.

Hatujakusahau, wala hatutakusahau kamwe.