Nani Atanibishia Kuhusu Kocha?

Asimwe mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba sana. Huku Nyakakika tu wazima. Bibi yako anaanika kahawa, na ule mgomba ulioupanda karibu na zizi umezaa.

Unaniuliza kama kocha mpya wa timu yetu anafaa, maana huko Dar mnazozana kwenye simu kutwa nzima.

Ujanani mwangu, timu ya kijiji ilimleta kocha mgeni kutoka Muleba. Mimi nilimkataa, jirani yangu Kamugisha akamtaka. Tulibishana uwanjani na shambani, mpaka kanisani mchungaji akatukata jicho. Siku kocha alipofika, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikapitishwa kumkaribisha. Kwetu, ukishatafuna kahawa na mtu, si mgeni tena. Nikasita. Kamugisha akaniwekea punje kiganjani.

"Tafuna kwanza, bwana. Kumpinga, utampinga kesho."

Nikatafuna. Kesho yake nikampinga. Timu ikifungwa nilimcheka Kamugisha, ikishinda alinicheka yeye, na hivyo tukazeeka.

Tangu tumzike, nasikiliza mpira redioni peke yangu. Kocha akikosea, nageukia kiti chake nimwambie, "Si nilisema?" Hakuna mtu. Siku hizi kila kocha wanayemleta naona sawa tu, na hilo linaniuma kuliko kufungwa.

Basi jibu langu ni hili: kocha huyo hafai kabisa. Nipigie Jumapili tukitoka ibadani, unibishie.

Ni mimi babu yako.