Kicheko Nilichokikata

Mjini Yako

Mwanangu Tene,

Mtama umeshavunwa, nami pumzi zinanikwisha. Watu wanasema Drissa, yule Msamo, mtani wetu sisi Wamosi, anayegombea urais, hacheki na mtu. Filamu niliyotengeneza juu yake ndiyo iliyowaaminisha hivyo, ilhali mimi sijaona kiongozi mnyenyekevu kama yeye.

Siku nilipokuwa nikimrekodi sokoni, bibi mmoja, Mmosi mwenzetu, alimtania: "We mtumwa wetu, nani akupe kura? Nichotee maji kwanza!" Drissa alicheka hadi akachuchumaa, kisha akamchotea. Nilikikata kipande hicho, nikihofia wageni wa tamasha la filamu, wasiojua utani wetu, wangeona ni tusi kweli.

Kanda imo sandukuni mwangu. Ionyeshe kabla ya uchaguzi.

Drissa atakuja mazikoni kwangu kunitukana, kama mtani afanyavyo. Mwacheni, safari hii nastahili.

Baba yako,
Raogo